Nilivyofika Gahini, Kilima cha Toba

Sisi Waanglikana wa Muheza tumelelewa na kitubio. Wamisionari wa UMCA walioleta Injili Magila katika karne ya 19 walituachia uvumba, kengele, na desturi ya kwenda kwa padre kabla ya Krismasi na Pasaka. Unajichunguza, unapiga magoti, unazitaja dhambi zako kwa sauti ya chini, padre anakushauri na kutamka ondoleo, basi. Yaliyosemwa pale hayatoki. Padre anakwenda nayo kaburini. Bibi yangu siku hiyo alikuwa akifunga tangu alfajiri, na akirudi nyumbani hakuna mjukuu aliyethubutu kumsemesha mpaka aanze yeye.

Kwa hiyo rafiki yangu Mnyarwanda, niliyesoma naye Dodoma, aliponieleza kwamba kwao Waanglikana husimama na kutaja dhambi zao mbele ya wenzao, nilimwambia hao si Waanglikana. Hakukasirika. "Ni Waanglikana kama wewe," akasema. "Njoo Gahini ukae nasi katika ushirika, kisha uniambie." Nami nilikuwa na sababu yangu ya kutaka kwenda. Nafundisha darasa la kipaimara, na binti mmoja alikuwa ameniuliza: kama Mungu anajua kila kitu, tunamwambia dhambi zetu za nini? Nilimpa jibu la kitabuni. Halikumtosha, na mimi pia halikunitosha.

Kutoka Muheza hadi Rusumo, mpakani na Rwanda, ni kuikata nchi upande hadi upande. Michungwa yetu ikaisha, mibuyu ya Dodoma ikaja ikapita, majabali ya Singida, Nzega, halafu Kahama tulikoingia usiku wa manane. Kesho yake barabara ilikuwa ya malori tu, yote yakielekea Kigali, Bujumbura na Kongo, na msitu pande zote mbili.

Rusumo nilipafikiria kuwa mji. Kumbe ni bonde lenye mto Kagera unaoanguka kwa kishindo, daraja juu yake, na ofisi ambamo maafisa wa nchi mbili wanakugongea mihuri chini ya paa moja. Rafiki yangu alikuwa akinisubiri. Tulisimama karibu na daraja, naye akanionyesha maji. Mwisho wa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao robo milioni walivuka hapa kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Kabla ya hapo na baada yake mto ulikuwa umebeba maiti, ukazishusha hadi Ziwa Viktoria, na watu wa kando ya ziwa upande wetu na wa Uganda wakaogopa kula samaki. Nilikuwa nimeyasikia redioni nikiwa mdogo. Kuyasikia ukiwa Muheza ni jambo moja, kusimama juu ya maji yale ni jambo jingine.

Kisha dereva akahamia kulia. Hilo hakuna aliyenionya. Kila lori lililotokea kwenye kona nililiona linakuja kutuvaa, na mguu wangu ukawa unakanyaga breki ambayo haikuwepo. Simu nayo ikajirudisha nyuma saa nzima bila kuniuliza. Nikatazama nje nitulie. Kwetu milima ya Usambara iko upande mmoja, ukishuka unafika tambarare ya mkonge na unapumzika. Rwanda ukimaliza kushuka kilima umeshaanza kupanda kingine, na kila kilima kimelimwa mpaka kileleni: migomba, maharage, mtama. Pikipiki inabeba abiria mmoja tu, na huyo abiria amevaa kofia ngumu. Vijana wetu wa bodaboda wanaopakia mishikaki wangekataa kuamini.

Katika wilaya ya Kirehe rafiki yangu alinyoosha kidole upande ambako iko Nyarubuye. Pale kuna kanisa ambamo maelfu ya watu walikimbilia mwezi ule wa Aprili, wakauawa humohumo. Sasa ni mahali pa kumbukumbu.

"Kanisani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nalijua jibu.

"Kanisani. Na waliowaua wengi walikuwa wabatizwa."

Hatukuzungumza tena mpaka Kayonza. Nilikuwa naenda kujifunza toba katika nchi hiyo, na swali jipya lilikuwa limepanda garini pamoja nami.

Gahini iko kaskazini ya Kayonza, mwendo mfupi. Ziwa Muhazi linatokea kushoto, jembamba na refu, limejipenyeza katikati ya vilima, na juu yake kilima chenye mikaratusi, hospitali, shule na kanisa kuu. Nilitarajia mahali palipotikisa Afrika Mashariki kwa uamsho wake pawe na mnara au lango. Nilikuta akina mama wamekaa nje ya hospitali na vikapu vya chakula cha wagonjwa, na ng'ombe wanateremshwa ziwani.

Salamu zilinitoa jasho. Mnyarwanda anakukumbatia, anakushika mabega, kichwa upande huu kisha upande ule, na walokole wao huongeza "Yesu ashimwe", yaani Yesu asifiwe. Mimi niliyezoea kusimama hatua mbili mbele ya mkubwa na kuamkia, sikujua mikono niipeleke wapi. Akaja mama mmoja mzee, amejifunga mshanana begani, na mdomo wangu ukatamka wenyewe: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" akapaza sauti hadi watu wakageuka. "Miaka mingapi sijaamkiwa hivi!" Alikulia Karagwe. Wazazi wake walikimbilia Tanganyika baada ya machafuko ya 1959, naye akarudi Rwanda mtu mzima, baada ya mauaji ya 1994. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kihaya na hakikuwa na kutu hata kidogo. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu.

Usiku ule, kwa maharage, isombe ambayo ni kisamvu chetu kasoro tui la nazi, na maziwa mgando, alinieleza kilichotokea pale kilimani. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Gahini mwishoni mwa miaka ya 1920 na kukutana na njaa kuu iliyoua watu wengi mashariki ya Rwanda mwaka 1928 na 1929. Akachoka mwili na roho. Septemba 1929 akaenda Kampala, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Wakakaa na Biblia siku mbili, mweupe na mweusi, mtawala na mtawaliwa wa nyakati zile, wakiomba pamoja kama watu wenye njaa ileile. Church akarudi Gahini. Yosiya Kinuka, aliyekuwa kiongozi wa watumishi wa hospitali na mwenye kinyongo na kazi yenyewe, naye alikwenda kumwona Nsibambi, akaambiwa kwamba shida za hospitali zianze kutafutwa ndani ya moyo wake. Akarudi mtu mwingine. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu hapohapo.

"Sasa sikiliza," mama akasema, akasogeza kibuyu cha maziwa. "Desemba 1933 walikuwa na mkutano. Siku za mahubiri zilipita, hakuna kitu. Mwisho wakakaa kuomba tu. Mtu mmoja akasimama akataja dhambi yake. Akafuata mwingine. Kwa muda wa saa mbili na nusu, mwanangu, watu wanasimama, hakuna aliyewaita."

Kutoka hapo moto ulishika Kabale, ukaenea Uganda, Kenya, Bukoba, Dodoma. Watu walirudisha ng'ombe walioiba, wakalipa kodi walizokwepa, wakafika madukani kulipia vitu ambavyo mwenye duka hakujua kama viliibwa. Na jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: wamisionari Wazungu, katikati ya ukoloni, waliwaomba radhi Waafrika kwa dharau yao. Pwani kwetu wimbi hilo halikuingia sana. UMCA ilikuwa na njia yake, na watu wa njia hizi mbili walitazamana kwa mashaka miaka mingi, mmoja akimwona mwenziwe anaficha mno, mwingine akimwona mwenziwe anasema mno.

Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta kimya. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, nchi nzima iko nje na majembe mpaka saa tano. Nami nikapewa jembe tuzibue mfereji. Mzee aliyekuwa mbele yangu mferejini ndiye niliyemwona mchana akiongoza ushirika, udongo bado uko kwenye kucha.

Ushirika ulikuwa katika chumba cha kawaida, mabenchi yamepangwa mraba ili kila mtu amwone mwenziwe. Nilikuwa nimejiandaa kuona vilio na watu kuanguka. Havikuwepo. Wakaimba, wakaomba, likasomwa fungu la Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya kwanza, linalozungumzia kutembea nuruni na uaminifu wa Mungu kwa anayeungama. Halafu mtu akasimama na kusema kama anayetoa taarifa ya kikao. Rafiki yangu alinitafsiria sikioni.

Mke kijana alisema hakuwa amezungumza na wifi yake tangu mavuno, kwa ajili ya sufuria. Alimwambia Mungu Jumatano usiku, Alhamisi akaenda kutengeneza naye. Akaketi. Wote wakaimba Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda ambao walokole wa Afrika Mashariki wanautambulikia popote, na waliokuwa karibu naye wakamkumbatia. Hakuna aliyemhoji, hakuna aliyemhubiria.

Akasimama muuza maziwa. Huyu nitamkumbuka. Alitoa mfukoni mwa koti daftari la shule, jalada lake limelainika kwa mafuta ya mikono, akalifungua akalishika wazi kifuani kama mtoto anayeonyesha hesabu zake kwa mwalimu. Alikuwa akitia maji katika maziwa wakati wa kiangazi. Alfajiri moja, akiwa amechuchumaa anakamua, jambo hilo likamkaa kooni mpaka akaacha chuchu, akamwambia Mungu palepale zizini: mimi ni mwizi. Baadaye akakaa kukadiria. Ukurasa ulikuwa na majina ya wateja upande mmoja na faranga upande mwingine: 500, 300, 1,200. Mengine yalikuwa na alama ya vema. Mengine hayakuwa nayo bado. Mteja mmoja alikuwamo chumbani; akahesabiwa zake mbele yetu, akazipokea kwa mikono miwili, na wakakumbatiana. Nilikuwa nimekaa karibu vya kutosha kumwona yule mtu akitafuta kalamu ya kutia alama.

Zakayo wa Luka 19 nimemfundisha mara nyingi. Sikuwahi kumwona na daftari.

Baadaye kijana mmoja akaanza vizuri, kwamba amekuwa na hasira, lakini kufumba na kufumbua akawa anaeleza alivyotendewa na kaka yake. Yule mzee wa mferejini akainua kiganja polepole. "Ndugu, ya kaka yako ataileta mwenyewe. Taja yako." Kijana akanyamaza. Akasema, "Nilitamani afe." Akaketi. Safari hii wimbo haukuanza mara moja, na mzee akaenda kukaa naye benchi moja.

Tulipotoka nilimwuliza mama maswali yote kwa mpigo. Je, kila kitu kinasemwa hadharani? Akatikisa kichwa. Zamani, akasema, wapo waliosimulia mambo ya aibu mbele ya watoto, na yakavunja nyumba za watu, wazee wakajifunza. "Dhambi zote ni kwa Mungu kwanza. Daudi alimkosea Uria mpaka akamwua, lakini katika Zaburi ya 51 analia na Mungu. Ukimkosea jirani, mwendee jirani. Ukikosea mbele ya wote, sema mbele ya wote. Ya siri yako na Mungu wako, mwachie Mungu. Sisi pale tunashuhudia tu alichokwisha kutusafisha."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba bibi yangu na mama huyu wangeelewana. Yule aliyekwenda kwa padre na huyu anayesimama kwenye benchi wote wamekwepa kitu kimoja, ile sala ya jumla tunayoipenda, ya kuomba tusamehewe "makosa yetu yote" bila kutaja hata moja. Kwetu muhogo ukimenywa ukafungiwa ndani ungali mbichi, huota ukungu. Ukianikwa juani unakuwa makopa, unakaa msimu mzima. Watu wa Gahini wanaanika.

Nikamwuliza na swali la binti wa kipaimara. Mama alicheka kwa furaha, akaniambia nimpelekee salamu. "Mwambie Mungu alijua Adamu yuko nyuma ya mti gani. Alimwita ili atoke. Mimi nilipokuwa sijasema, nilikuwa nasali kila siku na kila siku namkwepa. Siku niliyosema nilianza kumtazama." Nililiandika palepale, na darasani nimelitumia tangu hapo.

Lakini swali lililopanda gari Kirehe lilikuwa bado. Usiku nikamwuliza rafiki yangu, kwa hofu, maana ni nyumba ya wenyewe na jeraha ni la wenyewe. Kilima hiki kilitubu mwaka 1933. Iliwezekanaje miaka sitini baadaye?

Alichukua muda. "Wapo walokole waliokataa kuua, wakauawa pamoja na waliowaficha," akasema. "Hao tunawaheshimu. Lakini wengi waliungama pombe, sigara, uzinzi, wivu. Chuki ya Mhutu kwa Mtutsi na Mtutsi kwa Mhutu haikutajwa. Kila mtu alikuwa nayo, kwa hiyo hakuna aliyeiona kuwa dhambi. Tulitembea nuruni na chumba kimoja tumekifunga."

Akanieleza habari za gacaca, mahakama za wananchi zilizokaa majanini vilimani kote hadi zilipofungwa mwaka 2012. Sheria ilimpunguzia adhabu aliyekiri, lakini ilidai kukiri kwa kweli: ulimfanyia nani, wapi, pamoja na nani, mwili uko wapi, na kuomba radhi. Wapo waliokiri ili watoke gerezani tu. Wapo wajane waliopata mifupa ya waume zao kwa sababu mtu hatimaye alitaja shimo. Serikali ilikuwa imejifunza kwa njia ya uchungu kile ambacho Mithali 28:13 imekisema siku zote, kwamba afichaye hafanikiwi. Na mahakama, hata iwe ya haki namna gani, haiwezi kumfutia mtu dhambi. Inaweza kuthibitisha kwamba ilitendwa. Kufuta ni kwa Mungu, na ndiyo maana mtu aliyemaliza kifungo chake bado anaweza kuamka usiku anatetemeka.

Sikulala mapema. Nilifunga mlango, nikapiga magoti kando ya kitanda, na nilichomwambia Mungu nilikitaja kwa majina.

Jumapili, ibada ilikuwa ndefu na ya furaha, kwaya zinapokezana, wanawake wanacheza kwa mikono iliyoinuliwa kama pembe za ng'ombe wao wa Inyambo. Ukafika wakati wa maungamo ya pamoja kutoka katika kitabu. Ni maungamo yaleyale tunayosoma Muheza, kwa Kinyarwanda. Nikapiga magoti kati ya muuza maziwa na rafiki yangu. Kasisi hakuanza kusoma. Aliacha kimya kirefu kwanza, kirefu hadi mtoto akaanza kulalamika mgongoni mwa mama yake, ili kila mtu apate cha kutia ndani ya maneno yale kabla hayajasomwa. Kwetu tunakimbilia ukurasa. Nimemwomba padre wetu tuige kimya hicho, naye amekubali.

Safari ya kurudi niliifanya nikijiuliza chumba chetu kilichofungwa ni kipi, sisi wa Tanga. Sikuhangaika sana kukipata. Nakijua, na wewe ndugu yangu uliye katika wilaya zetu unakijua. Mume akifa, kabla ya arobaini shemeji wanapima shamba, na mjane anapewa chumba cha uani au nauli ya kurudi kwao. Tunaliita jambo la ukoo. Waliolipima shamba tunawaona Jumapili mezani pa Bwana, wamekwisha kupita kwenye kitubio, na sina hakika kama shamba lile liliwahi kutajwa mle. Waliliona wote, walikubali wote, na kwa hiyo halikuwa dhambi ya mtu.

Gahini inafikika. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na nyumba ya wageni ipo kando ya ziwa. Nakusihi uende, ukiwa na nauli. Lakini kama katika ukoo wako liko shamba la mjane, usingoje nauli. Mwambie Mungu usiku wa leo, kwa jina la mama yule na kwa jina la shamba lile, na kesho asubuhi umrudishie.